Saa Moja Nje ya Maji

Mpiga mbizi wa kwanza aliibuka mikono mitupu. Alishika ukingo wa mashua, akavua miwani yake ya maji, akatema mate, akasema kule chini hakuna kitu. Wa pili aliibuka nyuma yake na kusema yale yale. Daktari, mtafiti wa mradi wetu wa bahari, aliyekuwa ameketi karibu nami huku amezikumbatia karatasi zake ndani ya mfuko wa turubai, aliniangalia mimi, utadhani mimi ndiye niliyeimeza ile kamba ya vipimo tuliyokuja kuitoa, pamoja na vyote vilivyofungwa juu yake.

"Ni hapa?" akaniuliza.

"Ni hapa," nikasema. "Mashine ya nahodha inasema hivyo, na hata nikitazama vilima vya nchi kavu naona ni hapa hapa."

"Basi iko wapi?"

Wapiga mbizi walikuwa wamebakiwa na mtungi mmoja mmoja wa hewa, mkondo ulikuwa unaanza kuvuta, na nahodha, mtu wa Ukunda tuliyekodi mashua yake, alikuwa ameshaanza kutazama saa yake kwa namna ya mtu anayetaka aonekane akiitazama.

Kazi yangu katika mradi ule ilikuwa ndogo, lakini niliipenda mpaka nikaifanyia maringo. Kazi hiyo ninayo hadi leo. Mimi ni mzaliwa wa Munje, na pale Munje, karibu na mwamba, kumesimikwa mti wa kupimia maji wenye namba kutoka chini hadi juu. Kila siku maji yakijaa na yakipwa mimi huenda kuzisoma namba zile na kuziandika kwenye daftari. Jua liwe kali, mvua iwe inanyesha, arusi iwe ya nani, maji hayamngoji mtu. Na kila baada ya miezi minne hutoka na mashua mpaka mlimani.

Mlima wenyewe hauonekani. Uko chini ya bahari, mwendo wa saa mbili kwa mashine kutoka Msambweni. Unainuka kutoka kilindini ambako hakuna kamba ya kwetu iliyowahi kufika, na kilele chake kimekomea pima kumi na tano chini ya maji. Wavuvi wa kwetu waliujua tangu enzi za mababu zao, maana samaki wakubwa ndipo wanapokaa. Watu wa mashua za hoteli za Diani waliuona juzi tu kwa mashine zao, wakadhani wameuvumbua.

Ubavuni mwa mlima ule, kwenye mteremko, tulikuwa tumeshusha kamba moja yenye vipimajoto vinane, kila kimoja ukubwa wake kama kichupa cha manukato. Mwisho wa kamba kulikuwa na kifaa kingine cha kupima uzito wa maji, kinachokueleza bahari imejaa kiasi gani juu yake. Chini ya hicho, matofali ya zege ya kuishikilia kamba. Juu, boya lililozamishwa ili mashua zisiligonge. Kila dakika kumi vitu hivyo hujiandikia vyenyewe, usiku na mchana, bila kuomba ruhusa wala chai. Daktari alitaka kujua jinsi maji baridi ya kilindini yanavyopanda ubavu wa mlima na kushuka, yakifuata kujaa na kupwa, na kama ile baridi inapungua mwaka hadi mwaka. Ikipungua, samaki watahama. Hilo halikuhitaji shahada. Hata sisi ambao kazi yetu ni kuwala tulilielewa.

Mjomba wangu alilijua zamani. Yeye ni ndugu wa mama yangu, ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na kwetu sisi Wadigo mjomba si mtu wa kumchezea. Ni mvuvi wa mshipi na wa malema, yale madema, mitego ya kufumwa kwa fito, na ni mtu mgumu, mwenye kununa chai ikipoa na mwenye kukukosoa salamu. Anapovua mlimani, kila akipandisha mshipi huligusisha shavuni lile donge la risasi la mwisho wa kamba, tunaloliita chubwi. Likiwa la baridi, husema, "Yamepanda," na hubadilisha chambo. Nilipomweleza kwamba Daktari ametoka bara na kompyuta kuja kupima jambo hilo hilo, alicheka hadi chai ikammwagikia shukani.

"Angeniuliza," akasema.

Kabla ya kuishusha kamba, palifanywa mapatano bandarini Munje, wavuvi upande mmoja, Daktari na ofisa wa uvuvi upande wa pili. Wavuvi waliahidi hawatatia nanga upande ule wa mlima. Na kama kwa bahati mbaya mtu atainasa kamba, amwambie mtu wa mradi siku ile ile, yaani mimi. Wakivunja ahadi, ofisi ya uvuvi itaufunga mlima wote, asivue mtu. Mwenyekiti wa wavuvi aliwauliza kama wamekubali, wakanyoosha mikono. Mjomba alinyoosha wake juu kuliko wote, maana hupenda kuonekana mtu wa ahadi.

Sasa wapiga mbizi wakazama mara ya tatu, ya mwisho. Nilihesabu mapovu yao mpaka yakapotea. Daktari alikuwa akiuma ukucha wa kidole gumba. Nilimwombea moyoni, na nilijiombea mimi zaidi.

Waliipata. Haikuwa kwenye mteremko, ilikuwa juu ya kilele chenyewe, mahali tambarare, imesimama wima kama tuliyoishusha jana. Daktari akasema labda mkondo ndio ulioisukuma. Waliifunga kwenye kamba yetu, nasi tukaanza kuivuta. Mimi nilikuwa mbele, ndiye wa kuipokea, Daktari nyuma yangu akihesabu vipimajoto kila kimoja kinapotoka majini.

Boya ndilo lilitangulia kufika mikononi mwangu. Kitu kikikaa miezi minne baharini huota ndevu: mwani, magamba, ukoga wa kila aina. Boya lile lilikuwa na ukoga mwembamba tu. Lilikuwa limesuguliwa. Na chini yake, pale kamba inapofungiwa, palikuwa na kipande cha ukambaa chenye mafundo matatu, na kwenye ncha yake kisahani cha kifuu kilichotobolewa katikati.

Nilikijua kile kifuu kama ninavyojua jina langu. Ni alama ya mjomba. Iko kwenye kila lema lake.

Kwetu, nanga yako ikinasa lema la mwenzio, huliachi likining'inia. Unalipandisha, unalisafisha, na kama limekaa pabaya unaliweka pazuri. Kisha unalifungia alama yako, ili mwenyewe ajue ni nani aliyelishika. Ukifika bandarini unamwambia, anakushukuru, yamekwisha. Asiyefunga alama ni mwizi. Aliyefunga akanyamaza amemdharau mwenzake, na wavuvi humtenga. Na anayekata alama ya mtu mwingine, huyo hata salamu haitikiwi.

Haya yote nimeyajua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa chumvi. Lakini mkono wangu ulikuwa na haraka kuliko akili. Niliona jina la mjomba linaning'inia mbele ya Daktari, nikaona mapatano yamevunjwa, nikaona ofisa wa uvuvi na karatasi zake. Kisu nilikuwa nacho, cha kukatia kamba za vipimajoto. Nilikata. Nikaitia alama mfukoni mwa buibui langu, nikamgeukia Daktari na kumwambia, "Boya ni zima."

"Mungu ni mkubwa," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha. Nilitamani bahari inimeze.

Mradi ulikuwa umekodi chumba kimoja Msambweni, chenye meza, feni na kompyuta. Mchana ule ule Daktari aliviosha vipimajoto, akavichomeka kimoja kimoja, na mistari ikaanza kujichora. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa mizuri ajabu. Joto lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, meno ya msumeno, kila maji yakijaa na kila yakipwa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, meno yalikuwa marefu, wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo, yakawa mafupi. Nilifungua daftari langu la kutoka kwenye mti wa kupimia, tukalinganisha. Saa zilikubaliana. Kwa muda mfupi nilisahau kilichokuwa mfukoni, kwa vile nilivyojisikia fahari.

Halafu Daktari akasogeza uso wake karibu na kioo.

"Hii ni nini?"

Kifaa cha uzito wa maji kilikuwa kimeandika sifuri. Sifuri mara sita, moja kila dakika kumi. Na vipimajoto vyote vinane, kwa muda ule ule, vilikuwa vimepanda hadi joto la bati la paa wakati wa adhuhuri. Kisha maji yakarudi. Lakini hayakuwa maji yale yale: kina kilikuwa kimepungua kwa pima tano, na, kwa kuwa ile baridi haifiki kileleni, meno ya msumeno hayakuwepo tena. Kuanzia siku ile mpaka tulipoitoa, mstari ulikuwa umelala.

"Hii si bahari," Daktari akasema. "Hii ni mtu. Mtu ametoa hizi vitu nje, akakaa nazo saa moja, akarudisha mahali si yake. Si unaona? Miezi miwili yangu imeenda." Alisukuma kiti chake nyuma. Daktari ni mwanamke mwenye sauti, nilizoea kumsikia akigombana na simu, na kumbe nilikuwa sijui anavyokuwa akiumia kweli. Aliongea polepole. "Hata angeiba ningeelewa. Kwa nini mtu afanye hivi?"

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na jibu, lenye mafundo matatu, linanichoma pajani.

"Wewe ni wa huku," akasema. "Kuna kitu umesikia?"

"Hapana, Daktari."

"Mtu yeyote alikuambia ameshika kamba?"

"Hapana."

Alichukua kalamu. Alisema mkutano utakuwa Jumamosi, na anataka jina. Jina likipatikana, litashughulikiwa jina hilo peke yake. Lisipopatikana, yeye hatakuwa na la kufanya, barua itakwenda ofisi ya uvuvi na mlima utafungwa. Aliyasema hayo bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Nilimkuta mjomba nyuma ya nyumba yake, baada ya alasiri, anafuma mdomo wa lema jipya.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso wa msiba?"

Niliketi juu ya kinu kilicholala, nikamwuliza moja kwa moja. "Mjomba, kamba ya mradi kule mlimani, uliigusa?"

"Niliigusa, ndiyo," akasema bila hata kuinua macho. "Mkondo uliikokota nanga yangu, ikainasa. Nikaipandisha. Vile vichupa vilikuwa vichafu, astaghfirullahi, sijui mlikuwa mnapima nini na uchafu ule. Nikavisafisha, nikavianika kidogo, nikavirudisha. Na pale mlipoviweka ni pabaya, panateremka. Lema haliwekwi pale, litaporomoka. Nikawawekea juu, mahali tambarare. Hamkunishukuru."

"Mjomba, ulipaswa kuniambia!"

Hapo ndipo alipoinua macho.

"Nilikwambia."

"Hukuniambia."

"Wallahi nilikwambia. Siku ile ile. Ulikuwa umekaa mlangoni kwenu na simu. Nilisimama mbele yako na kikapu cha samaki, nikakwambia nanga yangu imenasa kamba yenu, nimeisafisha na kuiweka juu kileleni. Ukanambia, ahsante Mjomba, Mungu akubariki. Nikenda zangu."

Nilifungua mdomo nimkatalie, kisha nikaikumbuka ile siku. Nilikuwa nimechelewa kutuma namba za bamvua, mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, nikawa naziandika upya kwa mara ya tatu na kusonya. Nilikumbuka miguu yake mbele yangu, na harufu ya samaki. Nilikumbuka kwamba aliacha samaki changu wawili kwa mama. Nilikumbuka hata ile ahsante yangu, nilivyoitoa bila kuinua kichwa, kama mtu anayemfukuza kuku. Aliyoyasema yeye sikuyakumbuka hata neno moja. Tangu utoto nimeimbiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku zote nilidhani guu litakalovunjika ni langu mwenyewe.

"Alama yangu ilikuwapo?" akauliza.

Nilitia mkono mfukoni nikaitoa. Sikuweza kumpa mkononi, niliiweka chini karibu na fito zake. Aliiangalia mahali ilipokatwa. Kisu changu ni kikali, nyuzi zote zilikuwa zimekatwa mara moja, na mvuvi hahitaji kuelezwa tofauti ya kamba iliyokatika na kamba iliyokatwa.

"Nani kakata?"

"Mimi. Niliogopa, Mjomba. Nilidhani nakusitiri."

"Unanisitiri na nini? Mimi nimetenda nini?"

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alichukua ufito akaendelea kufuma, na mikono yake, ambayo siku zote ina uhakika, ilikosea mara mbili akafumua.

"Nenda kaseme," akasema mwishowe. "Sema mjomba aliniambia, sikusikiliza. Ni neno dogo."

"Watanifukuza. Nimeshamwambia Daktari kwamba sikuambiwa."

"Nenda kaseme. Ukifika mkutanoni hujasema, mimi nitasema."

Nilimwahidi. Nilimaanisha, na ninaomba niaminiwe katika hilo hata kama sistahili. Jumanne nilisoma namba za maji asubuhi, nikaenda Msambweni nikiwa na maneno yangu tayari, nikamkuta Daktari anazungumza kwa simu na watu wake wa bara. Nikaona si wakati mzuri. Jumatano alikuwa peke yake, ananichekea, amenichemshia chai, akaniambia mwaka ujao anataka mimi ndiye nifundishwe kuisoma ile mistari kwenye kompyuta, kwa sababu daftari langu halijawahi kumdanganya. Alisema hivyo hasa. Nilikunywa chai yangu ikaniunguza ulimi nikashukuru, maana ilinipa sababu ya kutosema. Wanangu wawili wako shule. Mume wangu ana mwaka wa pili hajapata kazi ya kudumu. Nilikuwa na sababu nyingi, zote za kweli, na hakuna hata moja iliyonisaidia kulala.

Kule Munje, siku hizo hizo, watu walianza kutafutana. Wavuvi wote walijua kwamba jina lisipotoka mlima unafungwa, na kila mmoja akawa anamtazama mwenzake. Kuna bwana mmoja, mtu wa bara, ambaye wazazi wake walipewa shamba kwenye ardhi ya makazi ya serikali, naye akaacha mihogo akanunua mashua. Ni Mkristo, mpole, anauza samaki wake barabarani na humsalimu kila mtu kwa mikono miwili. Alhamisi asubuhi nilipokuwa nasoma namba kwenye mti wangu niliwaona watu wamesimama mbele ya mashua yake, wamemzuia asiishushe majini. Hawakumpiga. Walisimama tu. Yeye alikuwa akizungusha kofia yake mikononi na kusema, "Wazee, mimi sijui malema, sijui hata kufunga hizo alama zenu. Nitagusa kamba ya serikali kwa nini?" Hakuna aliyemjibu. Nilikuwa nimezama mapajani, maji yanapwa, kalamu mkononi. Niliandika namba vibaya siku ile nikalazimika kuifuta.

Ijumaa nilikwenda Msambweni mapema. Chumba kilikuwa kimefungwa. Daktari alikuwa amekwenda Matuga kumchukua ofisa. Nilikaa kwenye ngazi mpaka saa nane, kisha nikarudi nyumbani nikijiambia kwamba basi, nitasema Jumamosi, mbele ya watu wote, itakuwa bora zaidi. Mtu mwoga hana haya: hata woga wake huupamba.

Jumamosi asubuhi banda la wavuvi lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye mchanga nje. Mwenyekiti alikuwa kwenye meza, kulia kwake ofisa, kushoto Daktari na kompyuta yake. Mimi niliwekewa kiti karibu na Daktari, upande wa wakubwa. Mjomba alikuwa ameketi mstari wa pili. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, utadhani ni Idi. Yule bwana wa mashua alikuwa amesimama nyuma kabisa, peke yake, na pembeni mwake palikuwa na nafasi ya watu watatu ambayo hakuna aliyeijaza.

Daktari aliwaonyesha ile mistari. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chake cha bara, polepole, akawaonyesha baridi inavyopanda ubavuni na kushuka. Wazee waliitikia kwa vichwa, maana aliwaeleza jambo wanalolijua. Kisha akawaonyesha ile saa moja. "Hapa mlima umetoka nje ya maji," akasema, na wachache wakacheka, kisha wakaacha.

Mwenyekiti akasimama. "Jamani, mmesikia. Mwenye kujua lolote aseme. Tukitoka hapa bila neno, mlima huu umekwenda, na watoto wetu watatuuliza."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Miguu yangu ilikuwa imeshakaza, nimeshashika meza. Nilimwona mjomba ananitazama. Hakunikazia macho. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani aliponifundisha kuogelea, yeye kifuani kwenye maji na mimi juu ya jiwe, akingoja nijirushe mwenyewe. Alingoja. Nilisikia mtu akikohoa. Nilisikia mawimbi yakivunjika mwambani, nikajua bila kuangalia kwamba maji yalikuwa yanaanza kujaa. Daktari aliusogeza mkono wake kwenye meza akanigusa kidogo, nadhani aliniona nimeing'ang'ania meza, akadhani nawahurumia watu wangu. Nikaachia meza.

Mjomba akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Nanga yangu iliinasa kamba. Niliipandisha, nikavianika vile vichupa, nikairudisha mahali pengine. Huyo bwana nyuma mwacheni, hajui lolote."

Watu walinong'ona. Nilifumba macho. Nilijua linalofuata, nilikuwa nimelingoja siku tano: sasa atasema aliniambia. Na Mungu anisamehe, katikati ya hofu yangu nilihisi nafuu, kwamba hatimaye yatatoka na si kwa mdomo wangu.

"Ulifunga alama?" mwenyekiti akauliza.

"Sikufunga."

Huyu ni mtu aliyewahi kumsimamisha kijana bandarini, mbele za watu, kwa kufunga alama iliyolegea.

"Ulimwambia mtu wa mradi, kama tulivyopatana?"

"Sikumwambia mtu," mjomba akasema. "Nilinyamaza."

Sauti yake haikutikisika. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi naye bega kwa bega, rafiki yake wa mashua moja tangu ujana wao, alijisogeza kando, kidogo tu, kiasi cha kiganja. Mjomba aliliona. Aliiweka sawa kofia yake, akabaki amesimama.

Haikuchukua muda. Wavuvi wenyewe ndio waliokata shauri, ofisa akakubali: mlima usifungwe, aliyekosa afungiwe. Mjomba asivue tena mlimani, wala asitie nanga, wala asiketi katika kamati. Daktari alisema hilo linamtosha. Hakuonekana kufurahi. Alifungua daftari lake ili aandike yaliyopita, na mwenyekiti, kwa kuwa ni mtu anayependa mambo yakamilike, akanigeukia mimi.

"Nawe, binti yetu, wewe ndiye mtu wa mradi. Tusije tukamdhulumu mzee wa watu. Ni kweli hakukwambia?"

Mjomba alikuwa ameinama, anafuta mchanga kwenye kanzu yake, mchanga ambao haukuwapo. Hakuniangalia.

"Ni kweli," nikasema. "Hakuniambia."

Daktari akaliandika.